Barabara Hufuata Gunia

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita 450 na kidogo. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi nako ni kilomita 450 na kidogo. Anayeaga kwamba anakwenda Dodoma hajibiwi kitu, anayeaga kwamba anakwenda Lindi huambiwa, "Loo, huko kote!" Kwa miaka mingi mtumishi wa umma aliyepangiwa Kusini alifungashiwa virago kama anayepelekwa kifungoni, na kabla yake maofisa wa Kiingereza walikwisha kulibandika Jimbo la Kusini jina la Cinderella, yule binti wa jikoni katika hadithi zao za watoto. Haya yote tumezoea kuyaeleza kwa neno moja, mbali, kana kwamba neno hilo lina maelezo ndani yake. Mimi nalitilia shaka. Nadhani umbali wa Kusini haupimiki kwa kilomita wala kwa saa za kukaa ndani ya basi, bali kwa kuuliza njia hii ilitengenezwa ibebe nini. Njia za Kusini, tangu za miguu hadi za lami, zilichorwa na mzigo. Na mahali ambapo mzigo ni mdogo, au ni wa msimu, hubaki mbali hata kama pako karibu. Hoja hii nataka kuisafiria hadi Milola, kata ya Wamwera iliyoko bara ya mji wa Lindi, ambako lami ya taifa haifiki ingawa bahari iko chini ya kilomita 100.

Basi la Kusini huanzia Mbagala na kushika Barabara ya Kilwa. Jina hilo peke yake lingetosha kumzuia msafiri asiseme mbali ovyo. Dar es Salaam, mji ulioanza kujengwa na Sayyid Majid katika miaka ya 1860, umeipa barabara yake jina la mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akaukuta na sultani, msikiti wa mawe na biashara ya dhahabu. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Australia, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko. Na dhahabu yenyewe ilipitia Sofala, katika nchi ambayo sasa ni Msumbiji, yaani Kilwa nayo ilikuwa na kusini yake ya mbali, na machoni mwa watu wa Sofala Kilwa ilikuwa kaskazini, kwa wenye amri. Mji huohuo ambao leo mgeni hufika Nangurukuru akauliza kama kuna gari la kwenda Kilwa Masoko, ndio uliokuwa unaulizwa habari za dunia. Ardhi haikusogea. Kilichobadilika ni mahali ambapo mzigo wa thamani ulikuwa unakwenda.

Ukilitazama jambo hili kwa makini utaona kwamba barabara tunayopita sasa, ile itokayo Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Somanga, Nangurukuru hadi Mchinga na Lindi, imelalia upande ambao zamani haukuwa na kazi kubwa. Njia za kale za Kusini zilitoka magharibi kwenda mashariki, bara kwenda pwani. Misafara ya Wayao ilishuka kutoka nchi za Ziwa Nyasa na pembe za ndovu na watu waliofungwa shingo, ikaingia Kilwa Kivinje, na baadhi yake Lindi na Mikindani. Kutoka kaskazini kwenda kusini watu walitumia jahazi, kwa kuwa upepo ulikuwa bure. Njia ya nchi kavu kufuata mwambao ilipata umuhimu ghafla mwaka 1873, na sababu yake ni ya kusikitisha: Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini, na wafanyabiashara wa Kilwa wakaona hakuna neno, wakawatembeza kwa miguu. Ofisa wa Kiingereza Frederic Elton alisafiri kwenye njia hiyo mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 1874, akahesabu watumwa zaidi ya 4,000 waliopita kwa muda wa mwezi mmoja tu wakielekea kaskazini. Miaka miwili baadaye, 1876, Barghash akapiga marufuku na njia ya nchi kavu. Kwa hiyo msongamano wa kwanza mkubwa tunaoujua wa barabara ya Kilwa–Dar es Salaam haukuwa wa wasafiri. Ulikuwa wa mzigo wenye roho.

Mwaka uleule wa 1876 kikapita kikundi kingine, safari hii kikitoka pwani kwenda bara. Askofu Edward Steere wa misheni ya Waanglikana aliwachukua watumwa waliokombolewa Unguja akawapitisha Lindi, nia ikiwa kuwarudisha kwao upande wa Nyasa. Wakafika Masasi, nchi ikawapendeza, wakakaa, na misheni ikaanzia hapo. Nakitaja kikundi hiki kwa sababu ni mfano adimu katika historia ya njia hizi wa watu waliopita kwa ajili ya nafsi zao. Walihitaji njia ya kuwafikisha tu, na njia ya miguu ikawatosha.

Ushahidi wangu mzito zaidi, hata hivyo, ni mifupa. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa isiyo ya kawaida kwenye kilima cha Tendaguru, kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yalileta wachimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Kazi yenyewe ilifanywa na wenyeji, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye wataalamu wanakiri kwamba jicho lake la kutambua mfupa ardhini lilikuwa la pekee. Mwaka 2007 mmoja wa mijusi hiyo ya kale aliitwa kwa jina lake, Australodocus bohetii. Katika miaka ya kilele vibarua walifika mamia. Mifupa, yenye uzito wa zaidi ya tani 200 kwa jumla, ilipakwa plasta, ikafungwa, ikabebwa vichwani na mabegani hadi Lindi, mwendo wa siku tatu hadi nne, na kutoka Lindi ikapanda meli. Mmoja wa mijusi hao anasimama leo Berlin, kimo chake kikizidi mita 13, na amekuwa kwenye maonyesho tangu 1937.

Sasa tufikiri. Nchi tunayoambiwa haipitiki, yenye mabonde, miiba, mbung'o na udongo unaonata, ilipitika kwa misimu minne mfululizo, mzigo ukiwa mifupa iliyogeuka mawe, gari likiwa kichwa cha binadamu. Ilipitika kwa sababu kulikuwa na mtu Berlin aliyeutaka mzigo. Bungeni kwetu suala la mjusi wa Tendaguru limeibuka mara nyingi, wengine wakitaka arudishwe, wengine wakitaka nchi ipate mgawo wa mapato. Sina ugomvi na yeyote kati yao, lakini nashangaa kwamba mjadala unahusu mfupa tu na hauulizi habari za njia. Njia ile ya wapagazi ilikufa mara mzigo ulipokwisha. Waingereza walipokuja kuchimba tena kuanzia 1924, ilibidi waanze upya, na kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, akafa kwa malaria mwaka uliofuata. Mjusi amesafiri hadi Ulaya akasimamishwa kwenye ukumbi wenye taa. Anayetaka kuliona shimo alilotoka bado hutafuta mwenyeji wa kumwonyesha pa kukata.

Kuna hoja ya kwanza ya kunipinga, nayo ni nzito: mito. Kabla hujafika Lindi unavuka Rufiji, Matandu, Mavuji na Mbwemkuru, na mbele ya Lindi uko Lukuledi. Rufiji ni bonde, si mto wa kurukwa. Masika likijaa hugeuka bahari ya maji matamu. Kwa miongo mingi pantoni ya Ndundu ndiyo iliyoamua nani anafika na nani analala, na vipande vya barabara kati ya Ndundu na Somanga vilimeza malori kwa wiki nzima. Nani atakataa kwamba jiografia imechangia? Sikatai. Ninachokataa ni kuifanya jiografia ishike usukani. Ruvu na Wami nayo ni mito, na hufurika. Ilijengewa madaraja mapema kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na mkonge, kahawa na reli. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003, miaka 42 baada ya uhuru, na rais aliyelifungua alizaliwa Lupaso, Masasi. Wapo wanaosema lilijengwa kwa sababu hiyo. Kama ni kweli, basi wamenisaidia: mto uliosubiri mtoto wa Kusini aingie Ikulu ndipo uvukwe haukuwa kizuizi cha maji peke yake.

Wala nisije nikaonekana nayadharau maji. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia mwambao wa Mafia na Kilwa, mvua ilikata barabara kuu mahali kadhaa upande wa Somanga na kwingineko Kilwa, na Kusini ikatengana na nchi kwa siku kadhaa. Mabasi yaliyokuwa yakienda Lindi na Mtwara yalilazimika kuzungukia Songea, yaani kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi kwa kupitia upande wa pili wa nchi. Watu walizungumza kama Kusini imerudishwa zamani. Kwa maoni yangu ilionyeshwa ilivyo: nyumba yenye mlango mmoja. Mkoa unaotegemea uzi mmoja wa lami kando ya bahari, bila njia ya pili ya karibu, haukufanywa hivyo na Hidaya. Na njia ya namna hiyo ingeweza kuwako. Wajerumani walipima reli ya kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa mwanzoni mwa karne iliyopita. Wakaiacha, fedha zikaenda kwenye Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Mwaka uleule wa 1905, milima ya Umatumbi, bara ya Kilwa, ilikuwa inang'oa pamba ya kulazimishwa, na Maji Maji ikaenea Kusini nzima. Vita na njaa iliyofuata viliacha vijiji vitupu, na nchi tupu haina wa kudai reli.

Reli ilikuja hatimaye, ila kwa ajili ya karanga. Ule mpango wa Waingereza wa 1947, ulioanzia Kongwa, ulitegemea sana Nachingwea, na reli ikajengwa kutoka pwani kwenda huko, na bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Mpango ulikufa 1951 baada ya kula kiasi cha pauni milioni 36. Bandari ilibaki. Makao ya Jimbo yakahama kutoka Lindi kwenda Mtwara, na Lindi, mji ambao jina lake kwa Kiswahili ni shimo refu, ukaanza kushuka. Reli yenyewe iliendeshwa miaka michache, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mataruma na vyuma vikang'olewa. Nafahamu hesabu za wenye reli: hakuna mzigo, hakuna treni. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Ubaya wake ni kwamba hiyo ndiyo hesabu pekee iliyowahi kupigwa Kusini. Abiria hakuwamo kwenye jedwali.

Tuingie Milola sasa. Ukiacha mji wa Lindi na bahari mgongoni, unaelekea magharibi upande wa Rutamba, ambako kuna ziwa dogo na msitu wa Litipo. Ardhi inapanda kidogo kidogo, minazi inapungua, mikorosho inaongezeka, na udongo unabadilika kutoka mchanga kuwa mwekundu na mahali pengine mweusi. Huo mweusi ndio wenye kesi. Kiangazi hupasuka ukawa mgumu kama tofali. Ukipata maji hunata, tairi likageuka donge. Mkoa wa Lindi una msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, tofauti na Dar es Salaam yenye vuli na masika. Kwa hiyo mwaka wa barabara ya vumbi huku hukatika vipande viwili: karibu nusu ni barabara, nusu nyingine ni nia njema.

Iweke hiyo kalenda ya barabara juu ya kalenda ya watu, na hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Ufuta hupandwa mvua zikiwa zimekolea, huvunwa kuanzia Mei, na minada ya Chama Kikuu cha Lindi Mwambao huanza mvua zikishapita. Korosho huokotwa kuanzia Septemba na Oktoba, na nyingi hutoka ghalani kabla njia haijaharibika. Gunia, kwa hiyo, linasafiri wakati barabara ni nzuri. Sasa mtu. Njaa ya mkulima iko Januari na Februari, chakula cha mwaka jana kimekwisha na kipya bado kiko shambani. Malaria hupanda na mvua. Mimba haingoji kiangazi. Mwanafunzi hufungua shule Januari. Mambo yote yanayomlazimisha mtu atoke Milola aende Lindi, hospitali, ofisi, duka la pembejeo, shule, yamerundikana katika nusu ile ambayo bodaboda hupandisha nauli na dereva wa Noah huuliza kwanza kama jana imenyesha. Hakuna aliyekaa akapanga jambo hili kwa ubaya. Lakini barabara inayotosha kwa gunia haimtoshi mama mjamzito, na ikiwa matengenezo yanapimwa kwa swali la kama mazao yametoka, jibu litakuwa ndiyo kila mwaka, na mama huyo hataonekana.

Bei nayo imo humohumo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007 kwenye korosho, mkulima anatakiwa apeleke mzigo chama cha msingi na kusubiri mnada. Utaratibu huo una adui anayeitwa kangomba: mnunuzi wa mlangoni anayekuja na fedha mkononi wakati wa shida, akanunua kwa kibaba chake mazao ambayo bado yako shambani, kwa bei ya kutupa. Serikali imemkimbiza kangomba kwa sheria, kwa mgambo, na mwaka 2018 hata kwa jeshi, korosho zote ziliponunuliwa kwa amri kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kangomba hafi. Sidhani atakufa, kwa kuwa anauza kitu ambacho serikali haikiuzi: anauza ukaribu. Februari, njia ikiwa tope, yeye ndiye benki iliyofika mlangoni. Anachokata kwenye bei ya mkulima ni nauli ya barabara isiyokuwapo.

Hapo ataniuliza mchumi: je, inalipa? Mkoa wa Lindi una eneo la kilomita za mraba zipatazo 66,000, na sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,194,028. Ni watu 18 hivi kwa kila kilomita ya mraba. Dar es Salaam, yenye watu zaidi ya milioni 5, ingeenea ndani ya Lindi mara nyingi. Kilomita moja ya lami kwenda Milola ina maana gani ukilinganisha na kilomita moja ya Mbagala yenye foleni? Swali ni la haki, na mwenye kulipuuza hajawahi kugawa bajeti. Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba uchache wa watu hapa una historia: watumwa walitolewa, Maji Maji ikaua, njaa ikamaliza, kisha vijana wakahamia pale barabara ilipo. Kumwambia aliyebaki kwamba hapati barabara kwa kuwa wenzake waliondoka ni kumtoza deni la waliomwibia. La pili ni kwamba sidai lami. Kalvati imara kwenye mikondo, changarawe iliyoshindiliwa kwenye vipande vyeusi, na mifereji inayozibuliwa kabla ya Novemba, hufanya njia ipitike mwaka mzima kwa sehemu ndogo ya gharama ya lami. Wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, iliundwa 2017 kwa kazi za aina hii hasa. Tofauti kati ya Milola ya karibu na Milola ya mbali huenda ni vivuko vichache vya maji.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linatoka kwa wapenda misitu. Wanasema: acheni Kusini iwe mbali, umbali ndio mlinzi wake. Na wana ushahidi. Misitu ya Litipo na nyanda za juu za Rondo ina mimea na wanyama wasioonekana karibu popote pengine. Yumo komba mdogo wa Rondo, mmoja wa wanyama wa jamii ya nyani walio hatarini zaidi Afrika. (Komba huyohuyo yuko Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Kwake yeye pwani hii ilikuwa msitu mmoja, na wala hakuhitaji daraja.) Tena, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, kilichofuata kilikuwa tufani ya magogo. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza jinsi mkongo, mninga na miti mingine ya Kusini ilivyokatwa na kupakiwa kwenda ng'ambo, sehemu kubwa China, huku serikali na vijiji vikipoteza mapato makubwa sana. Hilo ni kweli, nami nalikubali lote. Ila litazame vizuri: barabara ikafunguka, na kitu cha kwanza kupita kwa wingi kikawa mzigo wa kutoka. Badala ya kuivunja hoja yangu, habari hiyo imeirudia.

Na kuna mfano wa upande wa pili, hukohuko Kilwa. Vijiji kama Kikole, vikisaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo, vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili ya jamii. Mpingo, mti wa vinyago na wa zumari za orkesta za Ulaya, ukawa unauzwa na kijiji kwa bei ya kijiji, na fedha zikaingia kwenye mambo ya kijiji. Barabara ni ileile, na malori huenda ni yaleyale. Kilichotofautiana ni nani anashika kitabu cha risiti. Msitu unaolindwa na tope unalindwa hadi siku mtu atakapokuja na tingatinga lake mwenyewe. Wafanyabiashara wa magogo hawakuwahi kungoja TARURA.

Yapo mambo yanayoonyesha kwamba mwelekeo unageuka tena. Lami sasa imetoka Mtwara, ikapita Masasi, Tunduru na Songea, ikafika Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa. Ni ile njia ya misafara imerudi, magharibi kwa mashariki, na daraja la Umoja juu ya Ruvuma limeiunganisha na Msumbiji tangu 2010. Reli ya makaa ya mawe na chuma inazungumzwa kwa njia hiyohiyo. Gesi ya Songo Songo inakwenda Dar es Salaam tangu 2004, na bomba kutoka Mtwara tangu 2015, baada ya watu wa Mtwara kuingia barabarani mwaka 2013 wakisema haitoki. Bomba ni barabara kamili kwa fikra hizi: halina kituo, halina abiria, halijui masika. Linapita chini ya ardhi ya watu ambao wakitaka kwenda hospitali hutazama mawingu kwanza.

Najua waandishi wa safari hupenda mahali kama Milola kwa sababu ya ugumu wenyewe. Njia mbaya huwapa kurasa. Mahali pasipofikika hupata sifa ya usafi na ukweli uliopotea kwingine. Siwalaumu sana, maana wao wana tarehe ya kurudi. Lakini sifa hiyo ina kazi isiyoonekana: inaugeuza upungufu wa kalvati kuwa tabia ya nchi, kama vile jua na minazi. Baada ya hapo hakuna wa kuulizwa. Mimi ningependa msafiri aende Milola na swali kavu zaidi kuliko mandhari. Asiulize njia ni mbaya kiasi gani. Kila mtu atamjibu, na kila mtu atakuwa sahihi. Aulize greda hupita mwezi gani. Akiambiwa hupita Oktoba au Novemba, kabla ya mvua, ili watu wapite Januari, basi mimi nimekosea na nitafurahi kukosea. Akiambiwa hupita Mei kuelekea Juni, siku chache kabla ya mnada wa kwanza wa ufuta, basi hana haja ya kupima kilomita.